Fringe: Msee Mmoja, Kiti Kimoja, Saa Moja

Kama ulipitia drama festival shuleni, hii kitu unaijua tayari. Kuna yule msee alikuwa anapanda steji peke yake na solo verse, hana mbogi nyuma, hana wa kumnong'onezea laini akisahau. Akipatia, ukumbi mzima unanyamaza. Akichoma, kila mtu anaona. Sasa chukua hiyo presha, irefushe ifike saa nzima, ifanye karibu kila siku kwa wiki tatu na kitu, halafu gharama ujilipie mwenyewe. Hiyo ndiyo shoo ya mtu mmoja kule Fringe.

Fringe ilianzaje? 1947, mji wa Edinburgh kule Scotland uliandaa tamasha kubwa la sanaa, vita vya dunia vikiwa vimeisha juzi tu. Vikundi 8 vya maigizo vikatokea bila kualikwa. Havikulia, vilitafuta kumbi zao kando na vikacheza tu. Mwaka uliofuata mwandishi Robert Kemp akaandika juu ya maigizo ya pembeni, akatumia neno fringe, yaani pindo la nguo, na jina likashika.

Hadi leo mambo ni yale yale: hakuna kamati inakaa chini kuchagua nani ni mkali. Ukipata ukumbi na ulipe ada ya kujisajili, umeingia. Agosti ya 2019 pekee kulikuwa na shoo zaidi ya 3,800. Mji mmoja, mwezi mmoja! Watu wanaigiza kwa baa, kwa madarasa, kwa vyumba vya mawe vilivyo chini ya madaraja.

Na kwa nini wengi wanaenda solo? Wasanii watakuambia ni sanaa, lakini kwanza ni hesabu. Agosti nyumba za kulala Edinburgh zinapanda bei vibaya sana. Waigizaji 6 ni vitanda 6, nauli 6, chakula cha watu 6. Ukiwa peke yako unabeba begi moja. Tena ukumbi mmoja unaweza kuwa na shoo saba au nane kwa siku, zikifuatana. Kati ya shoo moja na nyingine unapewa dakika chache tu za kutoa vitu vyako na kupisha mwenzako. Nani ataleta sofa na kabati hapo? Unaleta kiti, taa, sauti zilizorekodiwa, basi.

Ukumbi nao unataka chake. Mara nyingi mnagawana pesa za tiketi, na kuna kumbi zinataka kiasi fulani hata kama viti vilikaa tupu. Ndio maana utapata msanii asubuhi kwa ile barabara ya Royal Mile anagawa vikaratasi na kupiga debe kama makanga wa Odeon akitafuta abiria wa mwisho, na jioni huyo huyo ndiye nyota. Wengi wanarudi nyumbani na deni. Kuna pia shoo za bure, ambapo unaingia bila tiketi na mwisho msanii anasimama mlangoni na ndoo, kila mtu anaangusha chochote kile.

Sasa mbona watu bado wanaenda? Cheki Phoebe Waller-Bridge. 2013 alifika Edinburgh na Fleabag, yeye peke yake kwa kiti, watu wengine wakisikika kama sauti tu. Hadithi yenyewe ilianza kama dakika 10 alizoombwa na rafiki yake kwa jioni ya vichekesho. 2016 ikawa kipindi cha BBC, na 2019 ikabeba Emmy ya vichekesho bora. Baadaye huyo dem akawa rais wa chama kinachosimamia hiyo Fringe.

Halafu kuna Richard Gadd. 2016 alishinda tuzo ya vichekesho ya Edinburgh kwa shoo ambayo alikuwa anakimbia kwa treadmill akisimulia venye alidhulumiwa kingono. 2019 akarudi na Baby Reindeer, kuhusu mwanamke aliyekuwa anamwandama. Huyo mwanamke kwa steji alikuwa stuli ya baa, tupu. Ukikumbuka ile series ya Netflix ya 2024, jaribu kuwaza yote hayo yakifanywa na msee mmoja na stuli. Mimi naona hiyo stuli inatisha kuliko mwigizaji yeyote, kwa sababu kichwa chako ndicho kinamalizia sura.

Lakini hapo ndipo pana moto. Shoo ya solo mara nyingi ni maisha ya mwenyewe, na maisha yako yana watu wengine ndani. Series ilipotoka, mashabiki walianza kuwatafuta mtandaoni watu wanaodhaniwa kuwa wahusika, na mwanamke mmoja akaishtaki Netflix mwaka huo huo akidai amechafuliwa jina. Kwa chumba cha watu 60 siri inaweza kubaki mle ndani. Kwa Netflix, wapi! Na msimuliaji naye anafungua kidonda kile kile kila jioni, hata siku ambayo wamekuja watu wanne, wawili wakiwa wameingia kujikinga na mvua.

Fringe si Edinburgh tu. Adelaide, Australia, wako nayo tangu 1960. Edmonton kule Kanada ilianza 1982, na fringe za huko zina mtindo poa: majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu, na bei ya tiketi anayopanga msanii inamwendea yeye yote.

Karibu na sisi kuna National Arts Festival ya Makhanda, Afrika Kusini, iliyoanza 1974 na ina Fringe yake. Wakenya nao Edinburgh si wageni: wale wanasarakasi watano wa The Black Blues Brothers wameshapiga shoo huko. Ila wao wako watano. Mmoja akiteleza, kuna wa kumdaka.