Ramani ya mkono na kinamasi cha Lorian

Kinamasi cha Lorian, karibu na Sericho, Isiolo, kiliingia kwenye ramani kwa safari iliyoanzia pwani yetu. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler alitoka Lamu na wapagazi, akapanda Mto Tana, kisha akafuata Ewaso Nyiro. Lorian ilidhaniwa ni ziwa, walikuta kinamasi. Ludwig von Höhnel ndiye aliyechora.

Leo mtafiti huweka mchoro wa aina hiyo juu ya picha ya satelaiti, akilinganisha vilima visivyohama, aone maji yamepungua wapi. Kwa mfugaji wa Sericho, maji hayo ndiyo malisho ya kiangazi. Ila natahadharisha: mchoro wa msimu mmoja si hati ya mipaka. Waulizwe na wazee.