Gari linapopiga starta lakini haliwaki: Pa kuanzia kabla ya kununua vipuri

DEREVA anageuza ufunguo alfajiri, starta inanguruma, injini inazunguka, lakini gari haliwaki. Anarudia mara ya tatu, kisha ya kumi, hadi betri nayo inakwisha nguvu. Fundi anaitwa. Siku ya kwanza anaagiza plagi mpya, ya pili pampu ya mafuta, ya tatu koili, na gari bado limelala pale pale.

Mara nyingi kinachomtia hasara mwenye gari si kifaa kimoja kilichoharibika, bali vifaa vizima vilivyobadilishwa kwa kubahatisha. Ipo njia ya kulitafuta tatizo hili hatua kwa hatua, na sehemu yake ya kwanza haihitaji kifaa chochote.

Jambo la kwanza ni kutofautisha hali mbili ambazo wengi huzichanganya. Gari linalotoa mlio wa "tik" na kunyamaza lina tatizo la betri, vichwa vya betri au starta. Gari ambalo injini yake inazunguka kwa kasi ya kawaida limekwisha kujibu swali hilo: betri na starta zinafanya kazi.

Kwa sababu hiyo, kulisukuma gari la namna hiyo hakusaidii, kwani kusukuma hufanya kazi ile ile ambayo starta imekwisha kuifanya. Gari lenye gia za otomatiki, kwa kawaida, haliwaki kwa kusukumwa hata kidogo.

Ikiwa injini inazunguka kwa uzito na uvivu, betri ipimwe kwanza. Betri nzima iliyotulia huonyesha takriban volti 12.6, na wakati wa kupiga starta haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, starta inaweza kuzunguka ilhali kompyuta ya gari na koili hazipati umeme wa kutosha.

Mambo matatu

Injini ya petroli huwaka pale inapopata mambo matatu kwa pamoja: cheche ya plagi kwa wakati wake, petroli yenye msukumo wa kutosha, na hewa inayobanwa vizuri ndani ya silinda. Kazi yote ya uchunguzi ni kujua lipi kati ya hayo halipo.

Kabla ya kufungua boneti, dashibodi ina mengi ya kusema. Ufunguo unapowekwa kwenye ON, taa yenye picha ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, huenda kompyuta ya gari haipati umeme, na fyuzi pamoja na relei ndizo za kuangaliwa mwanzo.

Taa yenye picha ya ufunguo au kufuli ikimeta wakati wa kupiga starta, kinga ya wizi haijautambua ufunguo. Ufunguo wa akiba ujaribiwe kabla ya kugusa kitu kingine.

Aidha, magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani hufungiwa alamu au swichi ya siri baada ya kufika nchini. Vifaa hivyo hukata umeme wa pampu au wa koili, na waya zake zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi hulegea kadiri miaka inavyopita. Aliyenunua gari mkononi mwa mtu anaweza asijue kabisa kuwa swichi hiyo ipo.

Geji ya mafuta nayo isiaminiwe moja kwa moja. Lita tano za petroli ni kipimo cha bei nafuu kuliko pampu mpya.

Mafuta

Katika magari mengi, ufunguo ukiwekwa kwenye ON husikika mlio hafifu kutoka kwenye tanki kwa sekunde mbili au tatu. Hiyo ni pampu ikijaza mafuta kwenye bomba. Hata hivyo, katika baadhi ya magari, yakiwemo ya Toyota kadhaa, pampu haianzi mpaka starta izunguke. Ukimya peke yake, basi, si ushahidi kwamba pampu imekufa.

Ushahidi ni geji ya msukumo kwenye bomba la mafuta, na kipimo kinachotakiwa hutajwa na mtengenezaji wa gari husika. Kabla ya kununua pampu, fundi athibitishe kama umeme unaifikia. Pampu nzima isiyopata umeme kwa sababu ya relei au fyuzi haina tofauti, kwa dereva, na pampu iliyoungua.

Gari lililozima muda mfupi baada ya kujaza mafuta huamsha shaka ya maji au uchakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Stakabadhi ya kituo itunzwe. Bila hiyo ni vigumu kudai.

Kinyume chake, harufu kali ya petroli baada ya kupiga starta mara nyingi ina maana kwamba mafuta yanafika, ila hayaungui. Katika magari mengi ya petroli ya mfumo wa kompyuta, kukanyaga pedali ya mafuta mpaka chini wakati wa kupiga starta hupunguza au hukata mafuta ili silinda zikauke.

Moto

Cheche hupimwa kwa kifaa maalumu cha bei nafuu. Kushika waya wa plagi kwa mkono ni hatari, kwa kuwa umeme wake hufikia maelfu ya volti.

Cheche ikikosekana kwenye plagi zote, si kawaida plagi zote kufa siku moja. Kinachoshukiwa zaidi ni sensa ya krenkishafti, inayoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Dalili yake moja ni gari kuzima likiwa la moto na kuwaka tena likipoa. Nyingine ni mshale wa mizunguko kulala sifuri wakati starta ikizunguka, ingawa si magari yote huonyesha hivyo.

Baada ya mvua, koili na waya zenye unyevu hupoteza cheche. Lakini gari lililopita kwenye maji mengi, kama yanayofurika bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam, lisipigwe starta kabla ya kichujio cha hewa kuangaliwa. Maji yakiingia kwenye silinda hayabaniki, na mikono ya pistoni hupinda.

Mgandamizo

Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama isiyo na mzigo, kupiga starta kukome mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na katika baadhi ya injini pistoni hugonga valvu. Injini ya 5A-FE ya Toyota hutumia mkanda. 1NZ-FE, iliyomo katika baadhi ya Vitz na IST, hutumia mnyororo.

Kwa dizeli, ambayo haina cheche, shaka ya kwanza ni hewa kwenye bomba, kichujio kilichoziba au plagi za kupasha joto.

Mashine haimalizi kazi

Mashine ya kusoma hitilafu husaidia. Namba P0335 huelekeza kwenye sensa ya krenkishafti, na P0340 kwenye ile ya kamshafti. Hata hivyo, namba hizo hutaja njia nzima ya umeme, si kifaa peke yake. Waya uliokatwa na panya hutoa namba ile ile.

Starta isipigwe zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, na ipumzishwe walau nusu dakika. Kumwaga petroli kwenye njia ya hewa ili "kuiamsha" injini kumewasha moto usiokusudiwa, na kuepukwe.

Mwenye gari asiyeshika spana bado ana silaha moja. Kabla ya kutoa fedha ya kipuri amuulize fundi maswali mawili: kati ya moto, mafuta na mgandamizo, ni kipi kilichokosekana, na kimepimwa kwa nini? Jibu likiwa "tujaribu hiki kwanza", uchunguzi bado haujaanza.