Glavu za makanika

Glavu za makanika (pia glovu, zile za mpira huitwa mipira ya mikono) ni vazi la mikononi linalomkinga fundi wa magari, pikipiki, jenereta, pampu na mitambo mingine asikatwe, asichubuke, asiungue, asipigwe na umeme wala kuingiwa na mafuta na kemikali. Hakuna glavu moja inayofaa kazi zote za gereji. Ile inayozuia bati kali hupitisha oili, inayozuia oili huharibika ikigusa eksozi ya moto, na zipo kazi ambazo glavu yoyote ni hatari kuliko mkono mtupu.

Historia

Glavu za ngozi zilikuwapo karne nyingi kabla ya injini. Glavu za mpira zilitoka hospitalini. Mwaka 1889 hivi, daktari mpasuaji William Stewart Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliiomba kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba kwa ajili ya muuguzi wake, Caroline Hampton, ambaye mikono yake ilikuwa ikibabuka kwa dawa ya zebaki ya kuulia vijidudu. Wawili hao walioana mwaka 1890.

Mpira asilia hauwezi mafuta ya petroli: huvimba, hulegea na kuchanika. Dawa ya tatizo hilo ilipatikana katika miaka ya 1930, pale kampuni ya DuPont ilipotoa neoprini na maabara za Ujerumani zilipotoa mpira wa nitrili. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa DuPont, aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, ambazo leo hufumwa kwenye glavu za kuzuia kukatwa. Glavu za nitrili za kutupa zilienea katika miaka ya 1990, baada ya wahudumu wengi wa afya kupata mzio wa mpira asilia. Katika muongo huohuo kampuni ya Mechanix Wear ya California, iliyoanza mwaka 1991 ikiwalenga mafundi wa mbio za magari za NASCAR, iliuza glavu nyepesi ya kitambaa na ngozi bandia, na umbo lake limeigwa kila mahali.

Katika Afrika Mashariki mafundi wengi wa gereji za mitaani walifundishwa kazi kwa mikono mitupu.

Hatari kwa mikono

Jeraha la kawaida kuliko yote ni la spana kuteleza kwenye nati iliyolika: mkono unakwenda kwa nguvu zote na vifundo vya vidole vinaishia kwenye chesisi. Baada ya hapo huja kuungua kwa maji ya radieta na eksozi, kukatwa na kingo za bati, na asidi ya betri.

Hatari isiyotoa damu ndiyo inayopuuzwa. Oili ikizunguka ndani ya injini hukusanya masizi na kemikali za mwako. Panya wa maabara waliopakwa oili iliyotumika kwenye injini za petroli walipata saratani ya ngozi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri katika kundi la kwanza, yaani yale yanayojulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu. Mapema katika karne ya 20 wafanyakazi wa viwanda vya kusokota pamba nchini Uingereza walipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu mafuta ya mashine yalilowesha suruali zao siku baada ya siku. Ndiyo maana ya onyo la kutoweka tambara la oili mfukoni, onyo ambalo ni nadra kulikuta likifuatwa.

Kunawa kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa, na kisha kusugua kwa sabuni ya unga na mchanga, huondoa mafuta asilia ya ngozi. Ngozi hukauka, hupasuka na kuacha njia ya kemikali kuingia mwilini. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2006, Afrika kusini mwa Sahara ilipokamilisha kuachana na petroli yenye risasi, fundi aliyenawa hivyo alijipaka sumu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Aina

Nitrili za kutupa huuzwa kwa boksi, kwa kawaida glavu 100. Za hospitali huwa na unene wa takriban elfu 4 za inchi (milimita 0.1) na kwenye gereji huchanika kwa bolti ya kwanza; za makanika huwa elfu 6 hadi 8, nyingine zikiwa na vipele vya kushikia spana yenye grisi. Hufaa kumwaga oili, kufunga breki na kupaka grisi kwenye beringi. Hazifai kwa thina na asetoni, kwani nitrili hulainika upesi.

Glavu za kufuma zilizochovywa mpira kiganjani ndizo za kazi za jumla: kubeba gia boksi, kufungua matairi, kutoa springi. Mgongo wake hupitisha hewa, na hupitisha oili vilevile. Baadhi ya mafundi huvaa nitrili nyembamba ndani na ya kufuma juu yake, mpango mzuri ingawa mikono hutoka jasho.

Glavu za ngozi ni za kuchomelea na vyuma vya moto. Zikilowa oili huwa hatari karibu na cheche. Glavu ndefu za PVC au neoprini ni za asidi na kuoshea vipuri.

Uzi mtupu wa pamba haukingi dhidi ya kimiminika chochote.

Alama za viwango

Glavu nyingi zinazotoka nje huwa na picha ya nyundo ndani ya ngao, na chini yake tarakimu na herufi. Hiyo ni alama ya EN 388, kiwango cha Ulaya cha hatari za kimakanika, kilichorekebishwa mwaka 2016. Nafasi ya kwanza ni ukinzani wa kusuguliwa, kuanzia 1 hadi 4: kitambaa cha kiganja husuguliwa kwa msasa, na kiwango cha 1 huhitaji kuvumilia mizunguko 100, cha 2 mizunguko 500, cha 3 mizunguko 2,000 na cha 4 mizunguko 8,000. Nafasi ya pili ni kukatwa kwa wembe wa duara, 1 hadi 5. Ya tatu kuchanwa na ya nne kutobolewa, zote 1 hadi 4. Nafasi ya tano, herufi A hadi F, ni kipimo kipya cha kukatwa, kwa sababu wembe wa duara ulikuwa ukibutuka kwenye nyuzi ngumu na kutoa majibu ya kudanganya. A huhitaji nguvu ya nyutoni 2, F nyutoni 30. Ikiongezwa P, glavu imepimwa pia kwa kugongwa.

Kwa hiyo glavu yenye 4X42C ina ukinzani wa juu wa msuguano na kuchanwa, haikupimwa kwa wembe wa duara (X), ina kiwango cha 2 cha kutobolewa na C cha kukatwa. Inatosha kwa bati la bodi. Kipimo cha kutobolewa hutumia ncha nene mfano wa msumari. Hakisemi lolote kuhusu sindano au waya mwembamba.

Kemikali zina kiwango chake, EN ISO 374, na joto EN 407. Kuchapisha alama juu ya glavu bandia si kazi ngumu, hivyo mnunuzi aangalie pia mshono, hasa kati ya kidole gumba na cha shahada.

Saizi

Hupimwa kwa kuzungusha futi kamba kiganjani, chini ya vifundo, bila gumba. Milimita 203 ni saizi 8, 229 ni saizi 9, 254 ni saizi 10. Kwa maneno mengine, ni inchi za mzingo. Ncha ikizidi kidole, fundi hawezi kuanzisha nati kwa mkono. Lalamiko kwamba glavu zinaziba vidole lina ukweli wake: bolti ya stata iliyojificha nyuma ya injini hutafutwa kwa ncha za vidole, jicho halifiki. Hapo nitrili nyembamba inayobana ndiyo jibu.

Pasipofaa glavu

Kwenye drili ya mezani, mashine ya kukereza, feni belti na shafti yoyote inayozunguka, glavu ya kitambaa au ngozi hunaswa na kuvuta mkono mzima kabla mtu hajawahi swichi. Pete nayo ivuliwe.

Hakuna glavu ya kawaida inayozuia mchirizi wa nozeli ya dizeli. Injini za kisasa za dizeli hufikisha shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na dizeli huingia chini ya ngozi kwa kitundu kidogo kisichouma sana mwanzoni. Majeruhi apelekwe hospitali saa ileile, aeleze kilichoingia. Kuchelewa humgharimu kidole.

Magari ya haibridi

Tangu Toyota Prius ilipotoka mwaka 1997, fundi hukutana na nyaya za rangi ya chungwa zenye zaidi ya volti 200. Hizi huhitaji glavu za mpira za umeme, daraja 0, za hadi volti 1,000, zikifunikwa na glavu za ngozi. Kabla ya kuvaa, hukunjwa kuanzia mdomoni mwake ili hewa ijae vidoleni; ikivuja, hutupwa.

Sheria

Sheria za usalama na afya kazini za Tanzania (2003), Uganda (2006) na Kenya (2007) zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Fundi aliyejiajiri hujinunulia mwenyewe.