Asili ya Jina Isabel

Watu wengi hudhani ya kuwa Isabel, jina la wanawake wa Kireno, na Elisabeti tumsomaye katika Injili ya Luka, ni majina mawili. Sivyo, ni jina moja lililosafiri mbali.

Asili yake ni Kiebrania, Elisheba, nalo lilikuwa jina la mkewe Haruni. Wengi hulifasiri hivi: "Mungu wangu ni kiapo," yaani, Mungu ndiye nimtajaye niapapo. Wayunani waliliandika Elisabet, na Walatini wakalipokea kwao. Lilipofika Hispania na Ureno, mwanzo wake ukadondoka, na sauti ya mwisho ikawa l. Ndivyo yafanyavyo maneno yakipita katika vinywa vya watu: hata sisi twasema meza na leso, na Wareno, ambao kwao twalipata maneno hayo, husema mesa na lenço.

Aliyelitukuza jina hili katika Ureno ni Malkia Isabel, binti mfalme wa Aragon, aliyeolewa na Mfalme Dinis mwaka 1282. Aliitwa kwa jina la dada ya bibi yake, Elisabeti wa Hungaria.

Mwanawe Afonso aliona wivu kwa kuwa babaye alimpenda mno mwana mwingine, asiyezaliwa katika ndoa. Akashika silaha. Mfalme akamshuku malkia kuwa yu upande wa mwana, akamwondolea mapato yake na kumweka mjini Alenquer. Hata hivyo hakuacha kuwapatanisha. Mwaka 1322 baba na mwana waliapa kuwa na amani, lakini kiapo hakikudumu. Mwaka 1323 majeshi yakakabiliana Alvalade, karibu na Lisbon, na yasimuliwa ya kuwa malkia alipanda nyumbu akapita katikati yao, na vita havikupiganwa.

Dinis alikufa mwaka 1325. Mwaka 1336, hali amekuwa mzee, Isabel alisafiri tena mpaka Estremoz, ili kumzuia mwanawe asipigane na mjukuu wake, mfalme wa Castile. Huko akaugua, akafa. Mwaka 1625 alitangazwa kuwa mtakatifu.

Wanaume wale waliapa wakavunja viapo vyao. Mwanamke ambaye jina lake ni kiapo alitimiza. Basi, ewe mzazi, umpapo binti yako jina, mweleze na maana yake, apate kujua alichukualo.