Kuunganisha tarakilishi na runinga na mtandao usio na waya: Mwongozo kwa nyumba za Kalobeyei

KATIKA makazi ya Kalobeyei, Kaunti ya Turkana, kipakatalishi kimoja huweza kuwa darasa la mwanafunzi mchana na sinema ya jamaa nzima jioni. Kukiunganisha na runinga, kisha na mtandao usio na waya, hakuhitaji fundi. Hata hivyo, waya usiofaa au hesabu mbaya ya umeme huweza kumpotezea mwenye nyumba akiba ya miezi mingi, kwani Lodwar, mji mkubwa wa kaunti, uko takriban kilomita 120 kutoka Kakuma.

Makazi haya yalianzishwa mwaka 2016, kilomita chache kutoka kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, ili wakimbizi na wenyeji Waturkana waishi pamoja. Tangu mwanzo, posho ya Bamba Chakula ilipitia katika simu ya mkononi. Kwa hiyo nyumba nyingi zilizoea mtandao wa simu kabla ya kuwa na tarakilishi.

Umeme kwanza

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba hana budi kupiga hesabu ya umeme. Kipakatalishi hutumia takriban wati 50, runinga bapa ya inchi 32 wati 40, na rauta wati 10. Jumla ni wati 100. Vikitumika saa nne, vitakula wati-saa 400.

Betri ya sola ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Iwapo ni ya risasi na asidi, haifai kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Zinabaki wati-saa 600, na sehemu yake hupotea katika inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240. Basi saa nne zinatosha, na saa sita ni kuiua betri. Wanaotumia gridi ndogo za umeme wa jua hulipia kila kiasi wanachotumia, hivyo hesabu hiyo hiyo inawahusu.

Tundu gani, waya gani

Runinga igeuzwe, na matundu yaliyo nyuma yatazamwe kabla ya kwenda dukani.

HDMI: Tundu hili bapa hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Likiwapo pande zote mbili, hakuna haja ya kingine.

VGA: Tundu hili la pini 15 lilianza mwaka 1987, nalo hupitisha picha pekee. Sauti huhitaji waya wa pili kutoka tundu la vipokea sauti.

RCA: Haya ni matundu matatu ya duara, ya manjano, nyekundu na nyeupe, yanayopatikana katika runinga za zamani zenye kichogo. Hapa ndipo wengi hupata hasara. Waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya RCA upande wa pili haufanyi kazi peke yake, kwa sababu tarakilishi hutoa mawimbi ya dijitali ilhali runinga hiyo husoma analojia. Kinachotakiwa ni kigeuzi, yaani kisanduku kidogo chenye umeme wake, ambacho mara nyingi huchomekwa katika USB.

Runinga ya kichogo haiwezi kunasa matangazo bila king'amuzi tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015. Hata hivyo, bado ni kioo kizuri cha filamu, ingawa maandishi madogo hayasomeki vyema.

Hatua za kuunganisha

1. Zima vifaa vyote viwili, kisha chomeka waya.

2. Washa runinga na uchague tundu lililotumika kwa kitufe cha rimoti kilichoandikwa Source au Input.

3. Washa tarakilishi. Kwa mashine za Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha uchague picha ionekane pande zote mbili.

4. Sauti isiposikika, bonyeza alama ya spika katika tarakilishi na uchague runinga iwe ndiyo inayotoa sauti.

Filamu au somo lililokwisha kuhifadhiwa ndani ya tarakilishi halitumii data hata kidogo likioneshwa kwa njia hii. Baadhi ya runinga mpya hupokea picha bila waya kwa teknolojia ya Miracast. Katika Windows, kitufe cha Windows na herufi K huzitafuta.

Mtandao usio na waya

Njia rahisi ni simu yenye laini ya data kuwashwa ili igawe mtandao. Ya pili ni rauta inayotumia laini ya simu. Ya tatu ni setilaiti. Starlink ilianza kutoa huduma nchini Kenya mwaka 2023, lakini dishi yake ya kawaida hutumia wati 50 au zaidi, mzigo ambao huharibu hesabu ya betri iliyotajwa hapo juu.

Mabati huzuia mawimbi. Katika nyumba ya mabati, rauta iwekwe karibu na dirisha au mlango unaoelekea mnara wa simu, si juu ya kabati la chuma. Ikitoa masafa mawili, yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali kuliko ya gigahezi 5.

Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na ulinzi wa WPA2 au WPA3 uchaguliwe. Mtandao uliofunguliwa kwa kila mpita njia humaliza data kabla ya mwenyewe kuketi. Anayetaka kuwauzia majirani huduma hiyo ajue kwamba biashara ya intaneti nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa leseni.

Data, joto na vumbi

Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula takriban gigabaiti moja, na ya ubora wa juu huweza kufika tatu. Ubora upunguzwe kwa mkono, kwa sababu programu nyingi huchagua wa juu zenyewe. Masasisho ya Windows nayo yazuiwe kwa kuuweka mtandao katika hali ya kupimwa.

Turkana ina joto kali na vumbi jingi. Kipakatalishi kisiwekwe juu ya blanketi, na matundu yake ya hewa yapanguswe kila wiki. Baada ya kutumia, vyote vichomolewe. Betri iliyobaki na nusu usiku ndiyo itakayomwashia mwanafunzi taa kabla ya mapambazuko.