Mwaka wa Kuzaliwa wa Nyanya

Nyanya yangu, mkazi wa Matete katika Kakamega, alizaliwa mwaka 1959. Ndivyo kisemavyo kitambulisho chake. Mwaka huo alipewa na karani aliyemtazama usoni akakisia. Kosa hilo si dogo, kwani Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2018 kuwalipa fedha wazee wote waliotimiza miaka 70, yeye alihesabiwa kuwa na miaka 59 tu.

Basi nikaanza kutafuta hati ya kale. Sheria ya kuandikisha vizazi iliwekwa mwaka 1904, lakini haikuwahusu Waafrika. Ikafuata nyingine mwaka 1928. Hata hivyo uandikishaji wa lazima haukuenea nchi nzima ila mwaka 1971. Kipande nacho walichukua wanaume, si wanawake.

Nikaligeukia kanisa. Wakatoliki huandika katika daftari la ubatizo siku ya kuzaliwa na majina ya wazazi. Lakini sisi ni watu wa Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902, nao hawabatizi kwa maji. Pasipo ubatizo hapana daftari lake.

Likabaki jina. Nekesa ni mtoto wa mavuno, kama vile Nafula alivyo wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi na Nanjala wa njaa. Nilifurahi, nikidhani nimepata walau majira. Nyanya akacheka.

“Mjukuu wangu, hilo ni jina la shangazi yake baba, aliyekwisha kufa. Mimi nilizaliwa watu wakipalilia.”

Nikamwuliza habari za marika. Lakini majina ya marika ya tohara, kama Maina, Chuma na Sawa, huzunguka yakarudi baada ya karibu miaka mia. Tena ni ya wanaume. Hapo ndipo alipomkumbuka kaka yake, aliyekuwa askari wa King's African Rifles. Aliondoka mama yao akiwa mja mzito. Majeshi ya Afrika Mashariki yaliingia Burma mwaka 1944. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi, akamkuta dada yake anakimbia uani. Kwa hesabu yangu, Nyanya alizaliwa mwaka 1943, au mwanzoni mwa 1944.

Niliyaeleza hayo ofisini, nikatakiwa kuleta karatasi. Nyanya asema cheti cha kaka yake cha kuachishwa jeshi kilikuwamo katika sanduku la bati, na sanduku lilikwenda na binti yake alipoolewa Lugari. Likizo ijayo nitakwenda huko.