Mtafiti chipukizi na gharama ya kuchapisha: mfano wa Busia na Tororo

Mji wa Busia umegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Jamaa wanaishi pande zote mbili, na maradhi hayaulizi pasipoti. Hata hivyo, kwa mtafiti anayeanza kazi, upande anaoajiriwa unaweza kuamua kama atachapisha matokeo yake bure au kwa fedha nyingi.

Nani hulipa?

Kwa desturi, maktaba ndizo zilizonunua majarida ya kisayansi. Katika mfumo wa ufikiaji huria, msomaji hasomi kwa malipo. Mara nyingi gharama humwangukia mwandishi. Majarida mengi hudai kati ya dola 1,000 na 3,000 kwa makala moja. Mwaka 2020, jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500.

Wachapishaji wakubwa hutoa msamaha kwa kufuata orodha ya Benki ya Dunia. Nchi za kipato cha chini, Uganda ikiwemo, kwa kawaida husamehewa ada yote. Nchi za kipato cha kati cha ngazi ya chini hupata punguzo, mara nyingi nusu, na Kenya iliingizwa katika kundi hilo Julai 2015. Kwa ada ya dola 2,000, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Busitema nchini Uganda anaweza kusamehewa yote, ilhali mwenzake wa Chuo Kikuu cha Alupe, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, akabaki na dola 1,000 za kutafuta.

Utafiti mwingi, majina machache

Eneo hili si geni kwa sayansi. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Busia, Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica na Edward Miguel na Michael Kremer, wote wa vyuo vikuu vya Marekani. Kremer alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobeli ya uchumi ya mwaka 2019. Kazi ya shuleni ilitegemea wafanyakazi wa hapa, lakini waandishi waliotajwa ni wawili tu.

Tororo ina mfano tofauti. Mwaka 2016, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa kuzuia malaria kwa wajawazito 300 wa wilaya hiyo. Mwandishi wa kwanza alikuwa Mganda, Abel Kakuru. Utafiti huo ulifadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mlango upo, ila hufunguka kwa urahisi zaidi penye ufadhili mkubwa na ushirikiano wa muda mrefu.

Kwa nini jambo hili lina uzito?

Makala zilizochapishwa ndizo hupimwa katika kupandishwa cheo na kuomba ruzuku. Asiyekuwa nazo hukosa ruzuku, na asiye na ruzuku hukosa fedha za kuchapisha. Baadhi huangukia mikononi mwa majarida ya kilaghai, yanayopokea ada bila kuhakiki kazi.

Juhudi zilizopo

Mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, hutoa majarida bure au kwa bei nafuu, lakini huwasaidia wasomaji zaidi kuliko waandishi. Hifadhi ya mtandaoni ya AJOL, iliyoanza mwaka 1998, huyatangaza majarida ya Afrika. Januari 2023, kampuni ya Springer Nature ilitangaza kuwa watafiti wa nchi zaidi ya 70 za makundi hayo mawili watachapisha bila ada katika Nature na majarida yake ya utafiti.

Mtafiti anashauriwa kuulizia msamaha kabla ya kuwasilisha kazi, kwa kuwa wachapishaji wengi hawapokei ombi hilo makala ikishakubaliwa. Matokeo yasiyochapishwa hubaki kabatini, na mganga wa zahanati ya kijiji kilekile kilichochunguzwa asipate kuyasoma.